Mume mpigaji, baba mzuri? Malezi ya watoto ndoa yenye kipigo ikivunjika

Kuna sentensi inasikika kila mada ya watoto baada ya kuachana ikianza: "mume mbaya siyo lazima awe baba mbaya." Wanaume wanaisema, mama wakwe wanaisema, hata wanasheria wanaisema kwa maneno marefu zaidi, na kiukweli ina nguvu yake. Wapo watu wawili ambao wakiwa chumba kimoja ni vita tupu, ila kila mmoja akiwa peke yake na mtoto yuko poa kabisa. Yupo baba aliyempiga mke wake lakini hajawahi kumnyanyulia mwanae mkono, analipa ada kwa wakati, mtoto akichemka homa usiku yeye ndo anambeba kwenda hospitali. Ukimwambia huyu kwamba kipigo cha mke kinamfanya asiaminiwe na mtoto anaona umechanganya mafaili mawili. Na nyuma yake lipo kundi kubwa la kina baba wanaosema mahakama zetu zinapendelea wanawake, baba kageuzwa mashine ya kutolea hela, anatuma matunzo kila mwezi na mtoto hamuoni, kwa hiyo dawa ni sheria iseme malezi yawe nusu kwa nusu kwa kila mtu na yaishe.

Hayo nitayarudia, siyo ya kupuuza. Ila naandika kwa sababu naona upande wa pili hausikilizwi vizuri, yaani mama aliyeondoka kwa sababu ya kipigo na sasa anaomba watoto wakae kwake, au baba awaone kwa masharti. Huyu siku hizi akifungua mdomo tu kashapewa jina, anamkomoa mzazi mwenzie, anatumia watoto kulipiza kisasi, singo maza mwenye hasira. Wakati ukifuatilia sheria inavyofanya kazi, achana na inavyosomeka, utakuta kuna sehemu kabisa ambapo kipigo alichopata kinaishia kuhesabiwa dhidi yake yeye aliyepigwa.

Sheria zenyewe kwa ufupi, naongelea Tanzania Bara (Zanzibar wana Sheria yao ya Mtoto ya 2011, na kwa Waislamu Mahakama ya Kadhi). Namba za vifungu ni zile tulizozizoea, maana sheria zimefanyiwa urekebu juzijuzi usije ukakuta namba imehama ukasema nimekudanganya. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125, inasema jambo kubwa kuliko yote ni ustawi wa mtoto, halafu mahakama iangalie matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto kama kafika umri wa kujieleza, na mila za jamii yao. Inaongeza kwamba mtoto wa chini ya miaka saba inadhaniwa ni vizuri akae na mama yake, dhana ambayo baba anaweza kuipinga, na kwamba mahakama iangalie pia ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamishahamisha. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 39, nayo ina orodha yake: maslahi bora ya mtoto na umuhimu wa kuwa na mama yake, umri na jinsia, maoni ya mtoto kama kayatoa kwa uhuru, ndugu wasitenganishwe, malezi yasikatikekatike, na kwamba ni vizuri mtoto awe na wazazi wake isipokuwa kama wanakiuka haki zake mara kwa mara.

Haki zake, za mtoto. Orodha zote mbili zisome juu mpaka chini, hutakuta mahali panaposema hakimu aulize swali hili moja: je, katika nyumba hii mzazi mmoja alikuwa anampiga mwenzake? Na siyo kwamba waliotunga sheria ya 1971 hawakujua mambo ya kupigana. Walijua sana, ndo maana kifungu cha 66 cha sheria hiyohiyo kinasema wazi kwamba mila iseme isemavyo, hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Kwa mwaka 1971 hilo lilikuwa neno zito. Na ukatili umewekwa kwenye ushahidi wa kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Kwa hiyo kipigo kipo ndani ya sheria, ila kimewekwa kwenye chumba cha talaka na mlango ukafungwa.

Hili unaliona hata kwenye mpangilio wa hukumu (zipo TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, bure, mtu yeyote anasoma). Hakimu anaanza na hoja ya kwanza, je ndoa imevunjika, hapo kipigo kinaelezwa vizuri, majirani, PF3 (ile fomu ya polisi ya kwendea hospitali), mara ngapi, kwa kitu gani. Hoja ya pili mali, nyumba ya Kivule, pikipiki, kiwanja. Hoja ya tatu watoto wakae na nani, na hapo hesabu inaanza upya kabisa, nani ana nyumba, nani ana kazi, mtoto ana miaka mingapi, anasoma wapi. Mtu yule yule aliyeandikwa kurasa nne nyuma kwamba alimvunja mkono mkewe sasa anaitwa mlalamikiwa mwenye kipato cha uhakika. Sisemi kila hakimu yuko hivyo, wapo wanaounganisha vizuri sana, ila wanaunganisha kwa akili na utu wao, sheria haijawalazimisha.

Sasa hiyo miaka saba. Mtaani watu wengi wanaamini mtoto akifikisha saba baba anakuja kumchukua, ni haki yake, sheria imesema. Sheria haijasema hivyo. Kinachotokea akifika saba ni kwamba ile dhana ya kumpendelea mama inakoma na swali linabaki wazi, ustawi wa mtoto uko wapi, kwa baba au kwa mama, hakuna aliyetangulia. Huenda imani hii imejengwa na mila za mtoto ni wa baba, huenda kwa Waislamu imechanganywa na habari za hadhana (malezi ya mtoto kwa sheria ya Kiislamu) na umri wa mtoto kujitambua, sijui, ila nguvu yake ni kubwa kuliko kifungu chenyewe. Kuna wanaume wanahesabu. Mtoto ana sita na nusu, baba hajawahi kutuma hata daftari, halafu siku ya birthday ya saba anatokea na kaka zake wawili na gari la kukodi anasema nimekuja kumchukua mwanangu, na mama pamoja na ukoo wake wote wanampakia mtoto wanalia kwa sababu wanaamini hawana la kufanya. Kwa mama aliyemkimbia mtu mpigaji, kile kipindi chote cha kabla ya saba kinakuwa ni kusubiri. Wengine wanarudi kwenye kipigo mtoto akikaribia umri huo ili tu wasitengane naye. Kama kuna mtu anataka kujua kwa nini mwanamke anarudi kwa mtu anayempiga, hiyo ni sababu mojawapo na wala siyo ya kijinga.

Lakini kinachonisumbua zaidi siyo miaka saba, ni kile kipengele cha kutomhamishahamisha mtoto. Kinasikika kizuri, nani atapinga mtoto asivurugwe? Kitazame kikifanya kazi.

Chukua mama wa watoto watatu, Mbagala, mmoja ana tisa, mmoja sita, mdogo miwili. Usiku wa saa tano kipigo kimeanza, safari hii kimekuwa kikubwa, anapata upenyo anatoka na nguo alizovaa na yule mdogo mgongoni kwa sababu alikuwa amelala naye. Wale wawili wako chumba cha pili, na kupita huko ni kupita mbele ya mume. Anaenda kwa jirani, asubuhi polisi, anachukua PF3, anaenda nayo hospitali, daktari anajaza kwa ule mwandiko wao, anagongewa muhuri. Hana pa kukaa Dar, anapanda basi kwenda kwa kaka yake Morogoro. Kisha anataka talaka na watoto wake, anaambiwa kwanza baraza la usuluhishi, kwa sababu kifungu cha 101 kinataka cheti kwamba usuluhishi umeshindikana. Mume anaitwa haji. Anaitwa tena yuko safari. Anakuja mara ya tatu anasema bado nampenda mke wangu, wanapewa muda wa kufikiria. Cheti kinapatikana, kesi inafunguliwa, inatajwa, inaahirishwa, hakimu yuko likizo, wakili wa mume ana udhuru. Mwaka umeisha.

Sasa wamefika kwenye hoja ya watoto. Wale wawili mwaka mzima wako Mbagala, wana shule, wana marafiki, wana madrasa au kwaya, ingawa kiukweli anayewalea ni mama mzaa baba na dada wa kazi, baba anarudi usiku. Mama ana chumba kimoja Morogoro anauza maandazi. Na hapo wakili wa mume anasimama kwa heshima zote anasema, mheshimiwa, watoto wametulia, kuwahamisha leo ni kuvuruga maisha yao, tena mama mwenyewe ndiye aliyewaacha. Kisheria amesema kitu sahihi kabisa! Hajadanganya hata neno moja. Aliyefukuza kwa ngumi ndiye aliyebaki kwenye nyumba, aliyebaki kwenye nyumba ndiye mwenye watoto, mwenye watoto ndiye mwenye hoja ya utulivu, na kila mwezi kesi ikichelewa hoja yake inanenepa. Yaani kipigo kimemtengenezea ushahidi.

Na angewachukua wote watatu usiku ule? Angeambiwa amewatorosha watoto, kamkatia baba mawasiliano, kawatoa shule katikati ya muhula. Akiwaacha ametelekeza, akiwachukua ametorosha. Hebu mtu aniambie mama wa aina hii alitakiwa afanye nini ili asikosee.

Watetezi wa kile kipengele wana hoja na naikubali. Bila hicho watoto wangekuwa wanarushwa huku na huku, leo kwa baba kesho kwa shangazi, kila mzazi akipata hasira anabeba mtoto. Hakimu naye hakuwepo usiku ule, anachokiona mbele yake ni watoto wenye sare safi na ripoti nzuri ya shule, ukimwambia awang'oe pale kwa sababu ya ugomvi wa watu wazima wa mwaka jana atasita, na mimi ningesita. Ndiyo maana sidai kipengele kifutwe. Nadai muda uliotokana na kukimbia kipigo usihesabiwe kwa faida ya aliyepiga. Basi. Kama mahakama imeridhika kwamba mmoja aliondoka kwa kipigo, iangalie watoto walikuwa wanalelewa na nani kabla ya siku ile, nani alikuwa anawaogesha, nani anajua yupi ana pumu, na utulivu uanze kupimwa hapo.

Halafu kuna lile baraza. Naomba nilikalie kidogo kwa sababu watu wanaliona kama hatua ya karatasi tu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 uliuliza wanawake na wanaume wa miaka 15 hadi 49 kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa angalau sababu moja kati ya tano: akiunguza chakula, akibishana naye, akitoka bila kuaga, akimnyima unyumba, asipowajali watoto. Wanawake asilimia 58 walisema ndiyo. Wanaume asilimia 40. Soma tena, wanawake wengi kuliko wanaume. Watu huwa wanaitumia namba hii kufanya utani kwamba wanawake wenyewe wanapenda, mimi naisoma tofauti kabisa. Wajumbe wa baraza la kata, la kanisa, la BAKWATA (baraza kuu la Waislamu), wanatoka kwenye jamii hiyohiyo iliyojibu hivyo, wake kwa waume. Kwa hiyo mama akiketi pale na jicho limevimba swali la kwanza halitakuwa kwa nini umempiga, litakuwa kwani ulimfanya nini? Na angalia ile sababu ya tano, asipowajali watoto. Maana yake ni kwamba kwa sehemu ya jamii kipigo chenyewe kinaeleweka kama ushahidi kwamba mama alikuwa na kasoro kwenye malezi! Mume akisema pale barazani nilimpiga kwa sababu alimwacha mtoto na njaa, kwa baadhi ya wasikilizaji ameshajitetea na kushinda malezi kwa sentensi moja. Utafiti huohuo ulikuta wanawake asilimia 40 wamewahi kupigwa tangu wafikishe miaka 15, na kwa waliowahi kuolewa nusu wamewahi kufanyiwa ukatili wa mume wa namna moja au nyingine, wa mwili, wa maneno au wa kingono. Mwaka 2022 namba zimeshuka, waliowahi kupigwa ni asilimia 27, tushukuru, ila hata hiyo ni zaidi ya mmoja kati ya wanne.

Kifungu cha 101 chenyewe kina misamaha, huhitaji cheti kama mwenzako kakutelekeza na hujui aliko, yuko nje ya nchi na hatarajiwi kuingia ndani ya miezi sita, amefungwa miaka mitano au zaidi, amegoma kabisa kuja barazani, ana ugonjwa wa akili usiopona, au kama mahakama ikiona kuna mazingira ya kipekee. Kipigo hakijatajwa kwa jina, inabidi ukiingize kwenye mazingira ya kipekee, wakati kwa nusu ya waliowahi kuolewa ukatili wa mume wala siyo kitu cha kipekee.

Turudi kwa kina baba, maana niliahidi. Hofu yao ya kwanza ni uongo. Kwamba ukiandika kwenye sheria kwamba mpigaji anapunguziwa nafasi ya kukaa na watoto, kila mwanamke anayetaka kushinda ataenda kutafuta PF3. Na mtu akizushiwa kumpiga mkewe atajisafisha vipi wakati yalitokea chumbani watu wawili? Hofu hii ina ukweli ndani yake. Kesi ya malezi ni ya madai, hakimu anaangalia upande gani una uzito zaidi, hahitaji uhakika ule wa kesi ya jinai, kwa hiyo mtu anaweza asitiwe hatiani popote na bado akachukuliwa kama mpigaji. Hilo siyo jambo dogo kwa mtu anayempenda mwanae. Jibu langu ni kwamba njia ya sasa haimlindi huyo baba pia, tuhuma inabaki inaelea, haikubaliwi haikataliwi, hakimu anaipitia juu juu halafu anaamua kwa hisia. Bora sheria ilazimishe tuhuma isikilizwe mapema, na hakimu aandike imethibitika au haijathibitika na kwa nini. Aliyesingiziwa anafaidika na maandishi hayo kuliko mtu yeyote.

Halafu hiyo PF3 watu wanaoisema kama silaha ya maangamizi sijui kama wamewahi kuishika. Ni fomu inayoandika jeraha la mtu mmoja siku moja. Mama wengi hawana hata moja kwa sababu safari zote zile hawakwenda polisi, walipaka maji ya chumvi wakasema wameanguka bafuni. Na aliyesimama mlangoni akiangalia, yule wa miaka sita, fomu haina sehemu yake.

Hofu ya pili, kwamba wanaume nao wanapigwa, na wamama wapo wanaotesa watoto. Kweli kabisa, na kifungu cha 66 kinasema mwenzi, hakikusema mke. Kanuni ninayoitetea haina jinsia, mama mpigaji naye apimwe hivyohivyo, tena hapo ile dhana ya chini ya miaka saba inatakiwa iwe laini kuliko ilivyo.

Ya tatu ndo ngumu kwangu. Baba aliyeachana bila kipigo chochote, amenyimwa mtoto kwa sababu tu kaoa mwingine, matunzo anatuma, simu haipokelewi, Idi inapita Krismasi inapita. Huyu yupo na ni wengi, na kila tukizungumza habari za wapigaji anaona tunamsahau. Sheria ya Mtoto inampa haki ya kuomba kumuona mwanae na mahakama iitekeleze kwa nguvu zote. Ila madai yake ya malezi nusu kwa nusu kwa wote hayawezi kuandikwa kama kanuni ya kuanzia, na hapa wenzetu wameshajaribu, hatuna haja ya kubahatisha.

Australia mwaka 2006 walibadilisha sheria yao ya familia, wakaweka dhana kwamba wazazi wawe na wajibu sawa wa pamoja. Walikuwa makini, waliandika kwamba dhana hiyo isitumike palipo na ukatili. Lakini pembeni wakaweka vitu viwili, mahakama iangalie ni mzazi gani yuko tayari zaidi kumrahisishia mwenzake uhusiano na mtoto, na atakayetoa tuhuma za uongo kwa makusudi abebeshwe gharama. Vyote viwili vinasikika kama haki tupu, sivyo? Kilichotokea ni kwamba akina mama waliopigwa wakaanza kunyamaza, na mawakili wengine wakawa wanawashauri wanyamaze, kwa sababu ukisema alinipiga na ukashindwa kuthibitisha unaonekana mzazi mkorofi asiyetaka ushirikiano, na ankara juu. Mwaka 2012 wakaviondoa hivyo viwili. Mwezi Mei 2024 wakaiondoa na dhana yenyewe. Miaka 18 kuanza mpaka kurudi. Wanaotaka tuige nusu kwa nusu wanaiga kitu ambacho wenyewe wameshakitupa.

Kuna waliokwenda upande wa pili. New Zealand mwaka 1995 waliandika kwamba ikithibitika mzazi alikuwa mkatili, asikabidhiwe mtoto wala asimuone bila usimamizi mpaka mahakama iridhike mtoto atakuwa salama. Walifika huko baada ya baba mmoja mji wa Wanganui kuwaua mabinti zake watatu mwaka 1994 akiwa kakabidhiwa na mahakama, wakati ukatili wake kwa mama yao ulikuwa unajulikana. Baadaye wameirekebisha sheria ile, sasa hakimu anapima usalama bila ile dhana kali. Na hapa jirani Kenya wana Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015, mtu anaomba amri ya ulinzi bila hata kufungua talaka. Sisi Bara sheria mahususi ya ukatili wa nyumbani hatuna. Sheria ya Ndoa inampa hakimu uwezo wa kumzuia mtu asimsumbue mwenzake, ila ni kesi ya ndoa ikiwa tayari mahakamani au baada ya hapo, wakati kesi ya talaka haifunguki bila cheti cha baraza. Ule muda wa katikati ndo watu wanaumizwa, maana kuondoka ndo kunamkasirisha mpigaji kuliko kitu chochote.

Tusubiri Bunge? Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 2019 vifungu vya umri wa kuolewa kwenye Sheria hiihii ya Ndoa virekebishwe, miaka ikapita vikiwa palepale. Kwa hiyo mimi matumaini yangu ya karibu yako kwa mahakimu na kwenye kitu ambacho tayari kipo. Sheria ya Mtoto pale mwanzoni inapoeleza unyanyasaji wa mtoto inasema ni kukiuka haki zake kunakosababisha madhara ya mwili, ya kimaadili au ya kihisia. Ya kihisia. Na Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto, ambayo mkataba wake tuliuridhia mwaka 1991, ilishaeleza mwaka 2011 kwamba mtoto kushuhudia ukatili wa nyumbani nako ni ukatili wa kiakili dhidi yake. Unganisha hayo na kile kifungu cha 39 cha haki za mtoto kukiukwa mara kwa mara na hakimu ana kila anachohitaji. Mtoto anayejifunza kutambua hali ya baba kwa jinsi anavyofunga geti, anayemwambia mdogo wake zima TV haraka, haki zake zinakiukwa mara kwa mara hata kama hajawahi kuguswa. Hapo "mume mbaya, baba mzuri" inakosa pa kusimama, kwa sababu kumpiga mama yake mtoto mbele ya mtoto ni kitu alichomfanyia mtoto.

Kwa mama aliyeko katikati ya hili sasa hivi, jambo ambalo wengi hawaambiwi: maombi ya kukaa na mtoto au ya matunzo yanaweza kufunguliwa Mahakama ya Watoto chini ya Sheria ya Mtoto bila kusubiri talaka, na bila ile safari ya cheti. Omba afisa ustawi wa jamii aende nyumba zote mbili na ahojiane na watoto bila mzazi yeyote kuwepo. Usisubiri mwaka upite, nimeshaeleza mwaka unafanya kazi kwa ajili ya nani. Wanaotoa msaada wa kisheria bure wapo, TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake), na kwa kuripoti kuna madawati ya jinsia polisi, ubora unatofautiana sana kutegemea umemkuta nani zamu.

Na hata ukishinda kuna suala la kukabidhiana, ambalo kwenye hukumu linapata mstari mmoja tu. Baba atawaona watoto wikiendi na likizo, wazazi watakubaliana utaratibu. Watakubaliana vipi, hawa walioshindwa kukubaliana mpaka mmoja akavunjwa mkono? Kila Jumamosi anajua mama yuko wapi na saa ngapi, na wengi vipigo vya baada ya kuachana vinawakuta hapohapo, mtoto ameshika begi. Watu wanasema wakabidhiane ofisi ya ustawi wa jamii, wazo zuri, ila ofisi ile inafungwa Ijumaa jioni na amri inasema Jumamosi. Kwa hiyo hakimu aandike mwenyewe: kwa bibi mzaa mama au kwa mjumbe, saa nne kamili, anayemtoa mtoto ni shangazi fulani kwa jina, mama asiwepo, na baba akija amelewa mtoto haondoki.